Darasa la Bi Kimya

Shule nzima ilimwita Bi Kimya, na jina hilo alilivaa kama mkufu wa dhahabu. Msidhani alikuwa mpole. Ulimi wake ungeweza kumnyoa mtu bila maji. Jina lilitokana na darasa lake la nne, lile la mwisho wa korido, mlango kwa mlango na stoo ya vitabu, sinki la kunawia likiwa katikati. Madarasa mengine yalivuma kama mzinga uliopigwa teke. Lake lilitulia hata mpita njia akadhani watoto wameenda kwao. Ukichungulia, hao hapo: wamekaa wima, nyuso juu, anayetaka kusema amenyoosha mkono, na akiruhusiwa husema peke yake, polepole, akimtazama mwalimu machoni.

"Hebu tuambie, unawanywesha nini?" mwalimu wa hesabu alimwuliza siku moja wakinywa chai. "Dawa ya usingizi?"

"Nawapa adabu. Wewe unawapa makelele, nao waungwana, wanakurudishia chako."

Walimu walicheka hadi chai ikawapalia, naye Bi Kimya akatabasamu pale alipoona vinywa vimefunguka. Maana hapo ndipo palipokuwa na siri yake: alicheka kwa macho. Masikio yalikuwa yameanza kumtoroka. Ndege walitangulia, wakanyamaza mmoja mmoja kama taa za nyumba ya wageni. Ikafuata simu. Kisha maneno ya watu yakaanza kumjia yameliwa kingo, kama mkate uliopitiwa na panya, na ikawa kazi yake kukisia kilicholiwa.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kufunga mdomo wala dirisha.

"Dada, hiyo redio! Jirani anajua habari kabla hatujamsalimia."

"Kwani jirani amekataa habari?"

"Nenda hospitali, dada yangu. Sikio ni kiungo, si aibu."

"Wewe shona," alijibu Bi Kimya, na mazungumzo yakaisha kama yalivyoisha kila mara.

Hakuogopa hospitali. Aliogopa stoo. Mwalimu wa jiografia, mwanamume aliyekuwa akichora mito ya dunia ubaoni bila kutazama kitabu, macho yalipomfifia alihamishiwa mle ndani kugawa chaki. Watoto waliokuwa wakisimama akipita wakaanza kumwita Mzee Chaki, naye akajizoesha kuitika. Bi Kimya kila alipompitia akiwa amekaa baina ya maboksi, mikono magotini, alijiapia moyoni: mimi humu nitaingia kuchukua daftari na kutoka. Kufundisha ndiko kulikomfanya awe mtu. Akinyang'anywa darasa, atabaki nani?

Na ndani ya kufundisha, alichokipenda kupita vyote ni vitenzi vya Kiingereza vinavyofanana kama watoto wa tumbo moja. Wengine walivifundisha kwa kukaririsha. Yeye aliviweka mwilini. Wiki ya look, see na watch, mjusi alitokea ukutani, naye hakumfukuza, alimwajiri.

"Geuzeni shingo. Hiyo ni look, mmeamua kutazama. Aliyekuwa hana habari, mjusi akamwingia machoni, huyo ni see. Sasa msimwache. Anakwenda wapi? Anamnyemelea nani? Mfuateni kwa macho mpaka mwisho wake. Hiyo ni watch."

"Mwalimu," mtoto mmoja alinyoosha mkono, "basi mamangu ana-watch jirani."

Darasa liliangua kicheko. Bi Kimya aliyaona mabega yakitikisika, akamsogelea mtoto, akamrudisha aseme tena, kisha akacheka yeye wa mwisho kuliko wote. "Sahihi kabisa," akasema. "Na mwambie mamako, jirani naye anam-watch."

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya hear na listen. Hapo alikuwa na beti zake mwenyewe, alizozitunga zamani, na watoto walizighani wakipiga madawati kwa viganja:

Sauti ikikujia,
pasipo kukusudia,
hear nitakuambia,
jina lake ndilo hilo.

Sikio ukiliweka,
mdomo ukafunika,
listen imekamilika,
usilisahau hilo.

Yeye aliufuata mdundo kwa kuegemeza kiganja kwenye dawati la mbele. Ulimpanda mkononi, na hapo alikuwa radhi.

Wiki hiyohiyo ndipo alipoingia mwanafunzi mpya, msichana aliyehamia na mama yake kutoka mji mwingine. Watoto walimwita Mgeni, na jina likamganda. Kosa lake lilikuwa moja: alisema akitazama chini, maneno yakimwangukia kifuani kama makombo. Kila alipofanya hivyo, darasa zima lilimgeukia na kumnong'oneza kwa ukali, "Inua uso!" Bi Kimya aliwaona wakifanya hivyo, akavimba kwa fahari. Hii ndiyo adabu, alijiambia, imefika mahali inajisambaza yenyewe, haihitaji mwalimu.

Siku ya somo lenyewe, maji hayakuwapo shule nzima tangu alfajiri. Kila aliyepita sinkini alizungusha bomba, bomba likakohoa, akasonya akaenda zake. Kabla ya kuanza, Bi Kimya alimpa Mgeni dasta.

"Kajaribu bombani, mwanangu, ubao huu umepauka."

Mgeni akaenda, akarudi na dasta kavu. Mlango ukafungwa.

"Fumbeni macho. Chumba kinasema. Kila mmoja aniambie anachosikia. I hear, halafu kitu chenyewe."

Zoezi hili lilikuwa na desturi yake: mtoto akitaja sauti, alinyoosha kidole kuelekea ilikotoka. "I hear a hammer," alisema wa kwanza, kidole dirishani. Bi Kimya alitazama nje, akaona mkono wa seremala wa ng'ambo ya barabara ukipanda na kushuka. "Good." "I hear a motorcycle." Akaona vumbi. "Good." Alikuwa akiamini kidole kile alikibuni yeye. Alikuwa hata amemshauri mwalimu wa hesabu naye ajaribu.

Zamu ikamfikia Mgeni. Midomo ilicheza, kichwa chini. Bi Kimya alisogea, akainama.

"Again."

"I hear water."

Hakunyoosha kidole. Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Hakuna maji leo, mama. Wewe mwenyewe umetoka kujaribu bomba sasa hivi. Sema unachosikia, siyo unachotamani."

"Lakini nayasikia, Mwalimu. Yanamwagika."

Macho ya darasa yalifumbuka, yote kwa pamoja. Bi Kimya akawageukia. "Nani mwingine anasikia maji?"

Hakuna mkono uliopanda.

"Kiranja?"

Kiranja, mvulana mwenye sauti ya kuita mifugo, alimtazama Mgeni, akamtazama mwalimu. "Hapana, Mwalimu. Sisikii."

"Na wewe?"

"Sisikii, Mwalimu."

Akapita safu kwa safu. Hakuna, hakuna, hakuna. Mgeni alikuwa sasa ameinua uso, ameuinua sawasawa, anawaangalia wenzake mmoja baada ya mwingine kama mtu anayehesabu abiria wa gari lililomwacha.

"Basi wenzako wote hawa ni viziwi," alisema Bi Kimya, "wewe pekee ndiye uliyejaliwa masikio? Simama pale ubaoni. Utakaa ukishajua kwamba kusikia na kubuni ni vitu viwili."

Mgeni akasimama ubaoni. Machozi yake hayakuwa na kelele, na Bi Kimya akaingia kwenye listen. Alikuwa katikati ya mfano mzuri sana alipoona chini ya mlango ulimi mwembamba, unaong'aa, ukiingia ndani kwa utulivu. Ulilizunguka guu la meza yake, ukalowesha ncha ya kiatu.

Aliinua kichwa kuwatazama watoto. Na hicho alichokiona ndicho kilichomtoa roho kuliko maji yenyewe: hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mtu akiona maji asiyoyatarajia huruka. Hawa walikaa tu, nyuso juu, adabu tupu, wakiyatazama maji kama wageni waliochelewa kufika.

Alifungua mlango. Korido ilikuwa mto. Maji yalikuwa yamerudi, bomba limeachwa wazi, tambara limeziba sinki, na mkondo umeiingia stoo, ambako vitabu vipya vya kusoma vya shule nzima vilikuwa vimefika juzi na kuwekwa sakafuni. Mzee Chaki alikuwa ameenda kunywa chai. Mwalimu Mkuu alifika suruali ameikunja hadi magotini, ameshika kitabu kilichovimba kama andazi.

"Darasa liko hapa! Sinki liko hapa! Hakuna aliyesikia?"

"Hatukusikia, Mwalimu Mkuu," alisema Kiranja, na wengine wakaitikia.

"Nani wa mwisho kwenda bombani?"

Macho yakaenda kwa Mgeni, aliyekuwa bado amesimama ubaoni.

"Nilifunga," alisema Mgeni. "Na nilisema nasikia maji. Mwalimu akasema hakuna."

Mwalimu Mkuu akamgeukia Bi Kimya. "Alisema?"

Neno moja tu lilihitajika. Bi Kimya, mwenye ulimi wa kunyoa bila maji, alilitafuta, na badala yake akaona maboksi, na mikono ya mtu magotini.

"Alisema kitu," akajibu. "Sikumwelewa vizuri."

"Kesho uje na mzazi wako," Mwalimu Mkuu alimwambia mtoto.

Wakati wa mapumziko Bi Kimya alimzuia Kiranja mlangoni.

"Mliyasikia."

Kiranja aliangalia viatu vyake vilivyolowa, kisha akakumbuka, akainua uso. "Ndiyo, Mwalimu."

"Wote?"

"Yalikuwa yanapiga kelele sana, Mwalimu."

"Sasa kwa nini mkamwacha mwenzenu aaibishwe? Mnamchukia?"

"Hapana!" Sauti yake ilikuwa kubwa hata Bi Kimya akaipata nzima. "Hatumchukii. Tulikubaliana zamani, ulipoanza kutufundisha tukiwa darasa la tatu. Tulijua husikii. Tukasema kila mtu aseme peke yake, akuangalie. Anyooshe kidole, ili uone sauti iko wapi. Na wewe ukisema sauti fulani haipo, basi haipo. Mgeni hatukuwahi kumwambia. Tulitaka kumwambia leo."

"Nani aliwatuma?"

"Hakuna. Tulisikia walimu wakisema, mwalimu akishindwa kazi hupelekwa kwa Mzee Chaki." Akapangusa pua kwa mkono wa shati. "Sisi hatutaki uende kwa Mzee Chaki."

Bi Kimya alimruhusu aende kucheza. Alirudi akakaa kwenye darasa tupu. Ule ukimya aliojivunia mbele ya walimu wote, ule alioufanya mkufu, haukuwa wake hata chembe. Watoto walimshonea nguo, wakamvika akiwa amelala, naye akatembea mjini akisema ameishona mwenyewe. Na leo kwa nguo ileile walimfunikia uovu wake. Kosa lingekuwa la watoto angelipigia kelele. Lakini watoto walikuwa wamesema uongo kwa upendo. Yeye alisema wake kwa woga, mbele ya mtoto aliyekuwa bado analia.

Nyumbani hakuwasha redio. Mdogo wake aliacha cherehani.

"Kulikoni? Umefiwa?"

"Leo nimemwita mtoto mwongo, na mwongo ni mimi."

Alimweleza yote. Mdogo wake, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alikaa bila kusema. Kisha akakivuta kiti akaketi mbele yake, uso kwa uso, akasema taratibu ili kila neno lifike: "Dada, utamlinda nani kesho? Huyo mtoto, au hiyo kazi? Maana vyote viwili havitoshi kwenye mkono mmoja."

Asubuhi mama yake Mgeni alikuwa tayari ofisini. Alikuwa fundi wa kupaka rangi za nyumba, ametoka kazini moja kwa moja, madoa ya kijani hadi kwenye nyusi. Hakukubali kiti.

"Nitaichafua samani yenu. Mimi nimekuja kwa swali moja. Mwanangu akisema ukweli hapa, mnampa adhabu gani? Ili nimfundishe kusema uongo, apumzike."

"Mama, tulia," alisema Mwalimu Mkuu. "Vitabu vimeharibika. Binti yako ndiye aliyetumwa bombani, naye hakutoa taarifa."

"Alitoa," alisema Bi Kimya kutoka mlangoni.

Wote wakamgeukia. Aliingia, akasimama pale atakapoziona nyuso zote mbili.

"Alisema anasikia maji. Akarudia. Nilimwelewa, jana nilikudanganya. Nikamsimamisha ubaoni kwa sababu mimi sikuyasikia. Na sikuyasikia kwa sababu sisikii, Mwalimu Mkuu. Masikio yangu yamekwisha."

Mwalimu Mkuu alivua miwani. "Husikii tangu lini?"

"Tangu wewe hujaota mvi."

"Sasa umekuwa ukifundishaje?"

"Nilidhani najua. Jana ndiyo nimeambiwa: watoto wananishika mkono wananivusha barabara. Mgeni alikuwa hajaoneshwa mkono."

Mama mwenye rangi alimtazama usoni. Hasira yake ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Na bomba?" aliuliza.

"Shule nzima ililizungusha jana asubuhi," alisema Bi Kimya. "Hata mimi. Bomba kavu kila mtu hulifungua, na hakuna anayekumbuka kulifunga. Huyo mtoto amesema alifunga, na katika sisi sote ndiye ambaye jana hakusema uongo. Mimi namwamini."

Mwalimu Mkuu alipangusa miwani ambayo haikuwa chafu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kanuni. Aliongea kwa urefu, na mara mbili alisahau akaelekeza maneno dirishani, na mara mbili Bi Kimya akamwambia, "Nitazame, Mwalimu Mkuu." Hukumu ilikuwa hii: Mgeni hana kosa. Bi Kimya aende hospitali wiki hii. Kusikiliza na kuzungumza atafundisha mwalimu mwingine. Yeye atabaki na kusoma na kuandika hadi muhula uishe, na baada ya hapo haahidi kitu.

"Hear na listen?" aliuliza Bi Kimya.

"Hizo nazo. Pole."

Alitikisa kichwa akakubali. Aliumia kama mtu aliyeng'olewa jino zima ili kuokoa taya.

"Mama," alimgeukia mama yake Mgeni, "nisamehe."

"Usiniombe mimi," alijibu yule mama. "Si mimi niliyesimama ubaoni."

Darasani walikuwa wamekwisha kaa. Wima. Nyuso juu. Bi Kimya aliingia na Mgeni, akamwacha aende kwenye dawati lake, yeye akasimama mahali pale pale alipokuwa amemsimamisha mtoto.

"Jana nilisema hapa kuna mtu mmoja anayebuni. Alikuwepo, ni mimi. Nilibuni kwamba nasikia. Mgeni alisema kweli, nami nikamwadhibu, kisha mbele ya Mwalimu Mkuu nikamkana. Mgeni, nakuomba radhi mbele ya wenzako, kwa sababu mbele yao ndipo nilipokuvunjia heshima." Akavuta pumzi. "Na ninyi wengine. Nimeambiwa mlichonifanyia tangu darasa la tatu. Sina la kuwalipa. Lakini ile sheria yenu ya kusema sauti haipo, nimeifuta. Nikikosea, niambieni. Mtu akisema nisilolipata, mwenzake anirudishie, hata kama halipendezi."

Mkono wa Kiranja ukapanda, lakini hakungoja. "Sasa si watakupeleka stoo?"

"Huenda."

"Basi tutasema tumekudanganya sisi!"

"Nyamaza, wewe. Ndiyo hayohayo ninayoyafuta." Akacheka, na macho yakamlowa. "Wakinipeleka stoo, mtakuja kuchukua chaki, na atakayesema 'give to me a chalk' harudi nayo."

Wakacheka kwa woga. Mgeni hakucheka. Alikuwa ameinamia dawati. Midomo yake ilisogea, maneno yakaangukia kifuani kama kawaida, na darasa likanyamaza ghafla, kimya kisicho cha adabu. Watoto walitazamana. Bi Kimya aliona wanavyotazamana, akajua kuna jambo limesemwa.

"Amesema nini?"

Kiranja alifunua mdomo, akaufunga.

"Kiranja. Nimesema hata kama halipendezi."

Mvulana akasimama. Akamtazama mwalimu machoni, akasema neno moja moja, kwa sauti yake yote:

"Amesema, hajakusamehe bado."

Bi Kimya akampa shukrani kwa kichwa, kisha akamgeukia Mgeni, ambaye sasa alikuwa ameinua uso kuona litakalompata.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Nitangoja."

Akachukua chaki, akaandika ubaoni ukurasa wa kusoma.